Nyota tatu kwa maabara ya vinyama hapa Dodoma mjini
Jina lao nalihifadhi maana sitaki kesi. Ni maabara binafsi ya kusoma vinyama, yaani mgonjwa akishapasuliwa ile nyama iliyokatwa unaipeleka kwao kwenye kopo la fomalini wanaiangalia kwa darubini kama ni kansa na imefika wapi. Mi nilipeleka kipande cha utumbo mpana cha ba'mdogo, yeye ni wa Kongwa, mwaka mzima anatoka damu chooni anasema bawasiri tu hiyo, anakunywa miti shamba, mpaka alipoishiwa damu ndo akakubali kuletwa mjini.

Tuliambiwa wiki moja, majibu yametoka siku ya 19. Kila nikienda ni "dada njoo keshokutwa" na mi natokea Nzuguni. Tuyaache hayo.

Majibu yalikuwa ukurasa mmoja: kansa ipo, imepenya ukuta wa utumbo na kuvuka msuli (wameandika T3, hicho ni kina chake, siyo hatua ya kansa), seli zimevurugika kiasi hazifanani tena na za utumbo, na nyingine zimeonekana ndani ya vimishipa vidogo vya limfu. Alafu mstari wa chini: tezi za limfu 4 zimeangaliwa, zote safi. Tezi zenyewe ni ndugu na zile mtu akiumia mguu zinamvimba kinenani anasema nina mtoki, ila hizi zimejificha kwenye mafuta ya utumbo. Mi kuona neno safi nikampigia mama mdogo hapohapo, akapiga vigelegele kwenye simu.

Dokta aliyempasua kusoma tu akakunja uso. "Mdogo wangu, tezi nne ni chache, tunataka angalau 12, na kwa kansa ya namna hii mi hiyo safi siiamini." Nikauliza kwani uvimbe ulikuwa mkubwa sana? Akasema watu wote mnauliza ukubwa, uliza kina, maana inavyozidi kuchimba ukuta ndivyo inavyokutana na mishipa ya limfu na hiyo ndo barabara ya kwenda kwenye tezi. Hapa seli zimeshaonekana barabarani, we unaniambiaje stendi hakuna abiria? Akaongeza kwamba hata kile kinyama kidogo cha kwenye utumbo kinachotolewa kwa kamera, kikikutwa na kansa majibu yake yasomwe vizuri: kama mzizi umezama zaidi ya milimita 1 chini ya utando, au seli zimeingia kwenye mishipa, au zimevurugika vibaya, au pembeni kuna vikundi vidogo vinamegeka kama vichipukizi, mgonjwa anaweza kuitwa tena akatwe kipande cha utumbo pamoja na tezi zake. Kansa changa hizo, karibu mtu mmoja kati ya kumi anakutwa tayari imeshafika kwenye tezi.

Nikarudi maabara nimevimba, nimejiandaa kugombana. Akatoka mama mtu mzima, ndo daktari wao wa patholojia, akasoma barua ya dokta akaniambia "pole mwanangu, kopo bado lipo." Akanieleza tezi nyingine ni ndogo kama punje ya uwele, lazima uyapapase yale mafuta kwa vidole taratibu, na kijana aliyekata mara ya kwanza alikuwa na haraka. Hakujitetea na hakunidai hata mia. Siku nne baadae akanipigia mwenyewe: tezi jumla 16, mbili zina kansa.

Sikupiga simu Kongwa siku hiyo. Hatua ya kansa imetoka ya 2 imekuwa ya 3, na ba'mdogo alishafunga begi anawahi kuvuna alizeti, bila lile kopo angekuwa shambani saivi. Sasa anapigwa dripu ya kemo kila wiki tatu na vidonge juu, akigusa maji ya baridi vidole vinamchoma, na huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua wenyewe, tumemnunulia glovu.

Yule mama nampa tano kavu. Nyota mbili nimekata kwa ajili ya mapokezi na kijana wa haraka. Ukienda pale hesabu tezi kwenye karatasi kabla hujasaini, na bahasha zinatoka saa nane mchana, ukiwahi asubuhi utakaa bure kwenye lile benchi la chuma.