The Jungle ya Upton Sinclair: riwaya iliyofanya kazi ya ripota

Nimeimaliza juzi usiku na mpaka leo haijanitoka. Kwa asiyejua, Sinclair, mwandishi wa Marekani, alienda Chicago mwaka 1904 akakaa kama wiki 7 kwenye machinjio na viwanda vya nyama, anaongea na wafanyakazi, anajionea kwa macho yake, yaani kazi ile ile ya mwandishi wa habari, ila alipokaa kuandika akaandika stori ya Jurgis, mhamiaji kutoka Lithuania anayeamini ukiwa na nguvu na ukijituma maisha yatanyooka.

Kitabu kinaanza na harusi. Watu wanacheza, unawazoea mmoja mmoja, halafu ndo wanaanza kuporomoka. Baba yake Jurgis, mzee wa watu, anakubali kukatwa theluthi ya mshahara ili tu apewe kazi, na kazi yenyewe inamla miguu na kifua mpaka anakufa. Gazeti lingeandika wafanyakazi wanaumia kazini, ningesoma nikapita. Huyu sikuweza kumpita, nilishamwona harusini jamani.

Ila maripota nao tusiwachukulie poa. Nellie Bly mwaka 1887 alijifanya kichaa akalazwa siku 10 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili New York, akatoka akaeleza aliyoyaona, kwa jina la mahali na yote. Riwaya haina nguvu hiyo, mtu anaweza kusema umetunga tu. Hata kwa The Jungle ilibidi rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, atume wakaguzi, waliporudi na taarifa mbaya ndo sheria za ukaguzi wa nyama na usalama wa vyakula na dawa zikasainiwa, Juni 1906.

Kinachoniuma ni kwamba Sinclair alikuwa anampigania mfanyakazi. Mwenyewe alikuja kusema alilenga moyo wa watu, kwa bahati mbaya akapiga tumbo. Wasomaji walishtukia nyama wanayokula, aliyekuwa anaikata hawakumshughulikia sana. Stori ikishatoka huwezi kumpangia msomaji ashike wapi, na hapo mwandishi wa habari ana nafuu kwa sababu anaweza kusema waziwazi nani anaonewa na nani alaumiwe.

Sura za mwisho zimenichosha, zinageuka hotuba za usoshalisti ukurasa baada ya ukurasa na watu wote niliowapenda wanafifia. Nyota 4 kati ya 5. Ningetoa zote kama angeniachia Jurgis mpaka mwisho.