Tathmini ya Mzazi: Shule ya Bweni ya Wasichana, Kaunti ya Machakos

Mzazi anayetafuta shule ya bweni huuliza kwanza wastani wa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kisha karo, na ni nadra aombe kuoneshwa mahali mtoto atakapolala. Mimi naanzia bwenini. Ni katika kaunti hii hii, Machi 2001, ambapo wavulana 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli waliteketea usiku katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Na Septemba 2024 moto wa bweni ukaua watoto 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Mwongozo huo unataka mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5 na ufunguke kwa nje, usifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Katika shule anayosoma binti yangu, aliye kidato cha pili, milango ya pande zote mbili inatimiza masharti hayo, na mitungi ya kuzimia moto imejazwa na kukaguliwa. Mlango wa dharura wa katikati, hata hivyo, umezibwa na masanduku ya bati ya wanafunzi, vitanda vimesongamana hadi wasichana hupita kiubavu, na madirisha ya upande wa nyuma bado yana vyuma. Naibu wa mkuu wa shule alinieleza kwa heshima kwamba vyuma hivyo huzuia wezi. Sikuridhika: dawa ya wezi ni ua imara na mlinzi wa usiku, wala si kumfungia mtoto njia ya kutokea.

Upande wa haki, shule hii ina jambo moja ninalolisifu bila kusita. Binti yangu aliposingiziwa kuwa amechukua pesa za mwenzake, hakuguswa wala hakufukuzwa darasani; mwalimu wa darasa aliwasikiliza wote wawili kila mmoja peke yake, akaandika maelezo yao, akaniita kabla ya uamuzi wowote, na ukweli ulipojulikana akamsafisha mbele ya darasa lile lile lililomnyooshea kidole. Mwanafunzi aliyetendewa hivyo hurudi kwenye masomo akiwa na moyo.

Ndiyo maana inaniuma kwamba shule hiyo hiyo husoma gwarideni majina ya wanafunzi ambao karo yao haijakamilika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 (inayohusu pia shule za sekondari), kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na pia mateso ya kisaikolojia, na sioni namna nyingine ya kuielezea aibu anayobebeshwa mtoto kwa deni ambalo si lake. Karo ni mazungumzo ya ofisi ya mhasibu na mzazi.

Kuna pia suala la malalamiko. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi pesa na hupokelewa usiku na mchana, imebandikwa vizuri ukutani karibu na bwalo, lakini simu pekee ambayo wanafunzi wanaruhusiwa kutumia imo ofisini mwa matroni, naye hukaa hapo wakati wote wa mazungumzo. Sanduku la maoni nalo hufunguliwa na matroni huyo huyo. Msichana mwenye lalamiko kuhusu bweni atamwambia nani?

Nimeacha binti yangu aendelee hapo kwa sababu ya walimu wake. Nimemwandikia mkuu wa shule nikiomba mlango wa katikati uachwe wazi mara moja, vyuma viondolewe kabla ya muhula ujao, na ufunguo wa sanduku la maoni ukabidhiwe mwalimu mshauri pamoja na mwakilishi wa wazazi. Masanduku yameondolewa; hayo mengine mawili bado.