Mashua ya mafuta ya mfereji wa Grand Union: bei iko juu kidogo, lakini huduma inaistahili

Kwa sisi tunaoishi kwenye boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, mashua ya mafuta ndiyo duka letu la lazima, na baada ya kuitegemea kwa majira kadhaa ya baridi magharibi mwa London, ninaisifu bila kusita. Hupita ikiwa imesheheni dizeli, mitungi ya gesi, kuni za kuwashia na magunia ya makaa ya mawe yasiyotoa moshi, ikajifunga ubavuni mwa boti yako na kukushushia mzigo hadi mlangoni. Aliyewahi kubeba gunia la kilo 25 katika matope ya njia ya ukingoni, tena mbali na barabara, ataelewa thamani ya jambo hilo.

Pamoja na bidhaa huja ujuzi. Muuzaji wetu hutuhimiza kujaza tangi la dizeli kabla ya baridi kali, kwa kuwa tangi lenye nafasi tupu hukusanya umande, na maji hayo huzalisha vijidudu vinavyoziba chujio. Kwa mtungi wa nje hushauri gesi ya propeni, kwa sababu butani hukataa kugeuka kuwa gesi joto likikaribia nyuzi 0, na chai ya asubuhi huishia hapo. Huuliza pia ni kiasi gani cha dizeli kitaendesha boti na ni kiasi gani kitatumika kwa joto la ndani, maana kodi zake hutofautiana.

Wengi wetu hatuna gati la kudumu. Masharti ya leseni yanatutaka tusikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, hivyo jirani wa leo kesho yuko mbali. Mashua hii ndiyo inayotuunganisha. Kwayo tunapata salamu, tunajua nani anaumwa, lango gani la maji, lile linalopandisha na kushusha boti, limefungwa, na chelezo gani kina nafasi kwa anayehitaji kupandisha boti na kupaka lami chini, kazi ambayo hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Nimeona mzee anayeishi peke yake akigongewa dirisha hata pale ambapo hakuagiza kitu, na kwangu huduma ya namna hiyo haina bei.

Dosari zipo. Makaa ni ghali kuliko ya bohari za barabarani, na ratiba huvurugwa na barafu, au na ukarabati wa malango ya maji, ambao kwa kawaida hufanyika kati ya Novemba na Machi. Maji ya kunywa na kumwaga choo cha kasha, yaani chenye tangi dogo la kubebwa, hubaki kazi yako mwenyewe. Anayetaka kuitumia aagize mapema, wakati bado ana magunia mawili akibani, na ataje namba iliyoandikwa ubavuni mwa boti pamoja na daraja lililo karibu, kwa kuwa madaraja ya mfereji yana namba zake na nahodha huyafuata hayo.