Chakula cha mchana cha haraka Dodoma mjini: kipi ukitangulize, kuanzia bafe ya kujipakulia hadi sushi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Ukitoa muda wa kushuka ghorofani, kuvuka barabara kwenye jua la saa saba na kurudi ofisini, zinazobaki za kula ni chache. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: yuko katikati ya mji, upande wa Nyerere Square, Jamatini au Majengo, ana njaa, na anataka kushiba bila kulipa kwa tumbo jioni. Aliyeko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana hesabu zake, kwa sababu kuja mjini na kurudi tu ni saa nzima imekwisha.

Nimepanga kwa kigezo kimoja kikubwa, nacho ni chakula kinachotembea. Sufuria inayoisha na kuletwa nyingine kutoka jikoni inanipa imani kuliko meza yenye vyakula ishirini vilivyopangwa vizuri tangu saa tano. Bei nimeiweka ya pili, ladha ya tatu. Najua wengi wangeanza na ladha, lakini mlo mtamu uliokaa vuguvugu utakumaliza siku nzima.

1. Bafe ya kujipakulia, nyama kwa kipimo

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na sioni linaloshindana nalo kwa siku ya kazi. Unachukua sahani, unajipakulia wali, ugali, ndizi, maharage, mboga za majani na kachumbari, ukifika mwisho wa meza mhudumu anakuwekea nyama, kuku au samaki. Watu hulalamikia hicho kipande cha kupimiwa. Mimi nakitetea, kwa sababu ndicho kinachofanya bei isipande na foleni isonge. Pale ambapo kila mtu anajipakulia nyama mwenyewe, ama bei ni kubwa, ama waliotangulia wanazimaliza na wewe wa saa saba na nusu unakuta mchuzi.

Kabla hujashika sahani, pita mezani ukiangalia tu. Funua wali. Mvuke ukikupiga usoni na matone yakidondoka kutoka kwenye mfuniko, kuna moto wa kweli chini. Ukiona punje za pembeni zimekauka na kuwa ngumu, na za katikati zimeshikana kwa ubaridi, wali huo umekaa. Maharage yaliyopoa hujiwekea utando juu. Rosti ya mbuzi iliyopoa huonyesha mafuta meupe yakiganda kwenye kingo za chombo. Kisha angalia miiko: kila chombo kiwe na wake, tena wenye mpini mrefu usiozama. Mwiko mmoja unaohama kutoka kwenye samaki kwenda kwenye mchicha ni sababu tosha ya kutoka, hasa kama una mzio.

Wali ndio ninaousisitiza kuliko vyote, na watu huudharau kwa kuwa si nyama. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha moto kishikiliwe juu ya nyuzi joto 60, na cha baridi chini ya nyuzi 5. Hutakwenda na kipimajoto mgahawani, lakini mvuke unauona, na sahani yako ukiishika chini ya wali unaisikia.

Usivutiwe na ukubwa wa vyombo. Chombo kidogo kinachojazwa mara kwa mara ni bora kuliko beseni lililojaa hadi juu, maana la pili lina chakula cha chini ambacho hakijaguswa muda mrefu. Ndiyo maana napendelea kufika saa sita na dakika arobaini, wakati vyombo vya kwanza vinaisha na vya pili ndiyo vinatoka jikoni. Ijumaa mambo hubadilika: baada ya swala watu huja kwa mkupuo na pilau huisha haraka, kwa hiyo wahi au chelewa makusudi.

Maswali ya kuuliza kaunta ni mawili tu. Bei hiyo ni pamoja na nyama, au nyama inahesabiwa peke yake? Na wana Lipa Namba? Uliza kabla hujajipakulia, kwa sababu kusimama na sahani mkononi ukitafuta chenchi ya elfu kumi kunakula dakika ambazo huna. Kama chakula utakidai ofisini, sema mapema unataka risiti.

Miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji hujaa wageni na foleni hizi hurefuka. Sogeza mlo wako mbele nusu saa kama kazi inaruhusu.

2. Mama lishe, hasa wa karibu na soko

Ukiwa na elfu chache mfukoni, anza hapa. Hujipakulii mwenyewe, lakini mara nyingi chakula chake ni kipya kuliko cha bafe, kwa kuwa anapika kiasi anachojua kitaisha. Ugali hapa husongwa mara kadhaa mchana mmoja. Namna nzuri ya kujua ni kuuliza kwa adabu.

"Shikamoo mama. Ugali upo wa moto?"

"Marahaba baba. Kaa hapo, ndiyo nageuza."

Ukipata jibu la namna hiyo huku unauona mwiko ukizunguka, kaa.

Hapa pia ndipo utakapokula Dodoma yenyewe. Mlenda wa Kigogo, ule wa majani yaliyokaushwa na kusagwa, ukiwekewa karanga na kuliwa na ugali wa uwele au mtama, hauukuti kwenye bafe nyingi. Perege wa Bwawa la Mtera akikaangwa mkavu na kutiwa kwenye mchuzi wa nyanya anatosha kukufanya usahau kuku. Kwa pesa hiyo hiyo unapata pia ubuyu au ukwaju, ingawa kinywaji cha kuchotwa kwenye ndoo nakuomba ukipime kwa kuuliza kama maji yamechemshwa. Wakijibu kwa kusitasita, nunua maji ya chupa.

Kinachomshusha mama lishe hadi nafasi ya pili ni maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo. Angalia beseni la kuoshea sahani: maji yanabadilishwa, au ni yale yale tangu asubuhi? Penye ndoo yenye bomba, sabuni na sahani zinazokaushwa kwa kuinamishwa, nampandisha mama huyo hadi nafasi ya kwanza bila kusita.

3. Sushi, ikiwa ni ya vitu vilivyopikwa

Wapo waliohamia kutoka Dar es Salaam, au waliosoma nje, wanaouliza kama sushi, yaani vipande vya wali vya Kijapani vyenye samaki au mboga, inaweza kuwa mlo wa mchana wa haraka hapa. Wazo lenyewe linaifaa sana saa ya chakula. Mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alifungua mgahawa huko Osaka, Japani, ambamo sahani za sushi zilipita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka, baada ya kuona chupa za bia zikisafirishwa hivyo kiwandani. Mteja huchukua anachotaka, na mwishoni sahani tupu ndizo zinazohesabiwa. Ni kujipakulia kwa hali ya juu, na msingi wake ni ule ule: sahani isiyochukuliwa kwa muda lazima iondolewe.

Wali wa sushi hutiwa siki, na uchachu huo huwazuia bakteria kuliko wali mtupu. Shida iko kwenye samaki mbichi. Mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani unataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili minyoo ife. Friza ya kawaida inayofunguliwa kila mara haiaminiki kwa kazi hiyo, na umeme ukikatika ndiyo kabisa. Treni ya SGR ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, kwa hiyo umbali wa bahari si kisingizio tena. Kinachotakiwa ni ubaridi usiokatika tangu bandarini hadi kwenye sahani yako. Muuzaji asiyeweza kukueleza safari hiyo, samaki wake mbichi mwachie. Na samaki wa maji baridi, yaani sato, perege au kambare, usimle mbichi hata kama kisu cha mpishi kinang'aa.

Sushi ya tango, parachichi, yai, kamba waliochemshwa au jodari wa kopo haina tatizo hilo, na ndiyo niliyoiweka nafasi ya tatu. Ishike kwanza. Karatasi ya mwani iliyolegea na kunyooka kama mpira inasema imekaa saa nyingi. Wali mgumu unaovunjika punje punje unasema umelala kwenye friji. Iwe ndani ya kabati la baridi au juu ya barafu. Oktoba na Novemba, jua la Dodoma linapochoma, sushi iliyopangwa mezani peke yake usiiguse.

4. Bafe ya hoteli

Ni nzuri, ni safi, na si ya saa moja. Utalipa mara kadhaa ya bafe ya mtaani, na nusu ya unacholipia, yaani saladi, supu na vitamu vya mwisho, hutakuwa na muda wa kukila. Mpeleke mgeni wa ofisi.

5. Chipsi

Chipsi mayai zinasubiriwa, na mchana foleni yake haina mpangilio. Mafuta yakiwa meusi na yenye povu, yamekaangiwa mno. Ukiwa huna njia nyingine, subiri zikaangwe upya. Zilizorundikwa kabatini tangu saa nne zisikushawishi.

Ukitaka kufungiwa

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nenda na chombo chako chenye mfuniko unaobana. Wahudumu wengi hawana neno, na mara nyingi utapewa kingi zaidi kuliko kinachoingia kwenye boksi lao. Omba mchuzi uwekwe peke yake na kachumbari peke yake, la sivyo wali utafika umelowa na nyanya zimeiva kwa mvuke. Ukifika ofisini kula. Kikao kikikushika hadi saa kumi na wali bado uko mezani, huo usiupashe wala usiupeleke nyumbani.