Beji za WOW: mtoto kakubali kutembea, njia ndiyo bado

Beji yenyewe ni ndogo, ya plastiki iliyotokana na vikopo vya mtindi vilivyotumika, na kila mwezi inakuja na mchoro mpya. Binti yangu amezibana zote kwenye kamba ya begi lake, na ole wake mdogo wake akizigusa. Ndizo ninazozitolea maoni leo: beji za WOW, mpango wa kuhimiza watoto watembee kwenda shule, unaoendeshwa na shirika la hisani la hapa Uingereza liitwalo Living Streets. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Reading, Leicester, Milton Keynes na kwingineko, hasa nyinyi mlioletewa barua na shule mkaitia kwenye droo pamoja na menyu za pitsa.

Utaratibu wake hauna mambo mengi. Asubuhi mtoto akiingia darasani anagusa kwenye skrini kubwa alivyokuja: kwa miguu, baiskeli, skuta au gari. Akija kwa miguu, kwa baiskeli au kwa skuta angalau mara moja kila wiki, mwisho wa mwezi anapewa beji. Kuanzia Septemba hadi Julai ni beji 11. Michoro huchorwa na watoto wenyewe kupitia mashindano ya kila mwaka, na nadhani ndiyo maana haina ile sura ya vitu vilivyobuniwa na kamati.

Kinachonifaa mimi zaidi ni kwamba huhesabiwi umeshindwa kwa kuwa una gari. Ukiliacha mwendo wa kama dakika 10 kutoka shuleni, mkamalizia kwa miguu, mtoto anahesabiwa. Mimi natoka zamu ya usiku nikiwa nimechoka mpaka kope zinauma; kutembea kutoka nyumbani siku zote siwezi. Hizo dakika 10 naziweza. Na nisipotaka kuziweza, nina msimamizi. "Baba, leo Ijumaa na wiki hii bado sijatembea!" Utamjibu nini? "Haya, vaa viatu, mama."

Kwetu Tanga, nikiri, ningechekwa. Mtoto apewe beji kwa kutembea kwenda shule? Sisi tulitembea kwa sababu hakukuwa na jingine, na hakuna aliyetupigia makofi. Lakini huku gari lipo mlangoni, mvua ipo, na baridi ya Januari haina adabu. Ukiwa na njia rahisi mkononi, unahitaji sababu ya kuiacha, na kwa mtoto wa miaka saba beji ni sababu nzito kuliko hotuba yangu yoyote kuhusu afya. Living Streets wenyewe hutangaza kwamba katika shule zenye WOW safari za gari hupungua kwa asilimia 30. Mimi sina kipimo cha kulithibitisha hilo. Ninachojua ni kwamba siku hizi kwangu anayemwamsha mwenzake ni yeye.

Mzazi hatoi hata senti. Shule ndiyo hununua, au halmashauri hufadhili. Kwa beji na mfumo wake nawapa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya njia. Mtaani kwetu magari huegeshwa magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, mawili barabarani. Siku ya taka, mapipa nayo yanajipanga pale pale. Nikiwa na kigari cha mtoto mdogo, nafika kwenye kioo cha gari, napima kwa macho, naona hakipiti, nateremka barabarani na mwanangu mwingine kanishika shati kwa nyuma. Jirani yetu wa kiti mwendo hawezi hata huko kuteremka, kwa kuwa ukingo ni mrefu. Anageuza kurudi alikotoka. London wamepiga marufuku kuegesha hivyo tangu 1974, na Scotland marufuku ilianza kutumika Desemba 2023. Sisi wa England nje ya London tulichukuliwa maoni mwaka 2020, kisha miaka ikapita.

Haki yao wapewe, Living Streets hili wanalipigania sana. Ndiyo maana nafuatilia nani anawaongoza. Mary Creagh, aliyekuwa mbunge wa Wakefield, aliwaongoza kuanzia 2020, na baadaye akarudi bungeni. Akafuata Stephen Edwards. Sasa ni Catherine Woodhead, ambaye kabla ya hapo aliongoza Muscular Dystrophy UK, shirika la watu wenye maradhi ya kudhoofika misuli. Kwangu hiyo ni habari njema kuliko angetoka kwenye kampuni ya matangazo. Mtu aliyefanya kazi na watumiaji wa viti mwendo hahitaji kuelezwa gari juu ya njia linamfanyia nini jirani yangu.

Na shirika lenyewe halikuanza na beji. Lilianzishwa 1929 kama chama cha kutetea waenda kwa miguu, likidai mtihani wa udereva na mwendo wa maili 30 kwa saa mitaani, mambo yaliyoingia kwenye sheria miaka michache baadaye. Hiyo ndiyo kazi nitakayompimia Woodhead. Nikitaka mfano wa nyumbani, ninao: Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross, ya dola 250,000. Watoto wale walikuwa wanatembea tayari. Kilichorekebishwa ni barabara.

Kama shule ya mwanao haina WOW, usingoje barua. Mwulize mwalimu mkuu, kisha mwulize diwani wako kama halmashauri ina fungu la kulipia. Ukishafika kwa diwani, mwonyeshe na picha za magari yaliyopanda njia, zilizopigwa saa mbili na nusu asubuhi, watoto wakiwa njiani.