Kalenda ya matangazo ya zamani ya vyakula vya Ufilipino, imefika Kabalagala

Wapenzi wa vitu vya zamani, pale Kabalagala, Kampala, kuna kaduka ka vyakula vya Asia, wanauza nudozi, sosi ya soya, samaki wa kopo na vitu kama hivyo, na sasa wameleta kalenda ya ukutani, kila mwezi una tangazo moja la zamani la chakula cha Ufilipino. Bei shilingi 40,000. Mimi nimeichukua pamoja na chupa ya kechapu ya ndizi, ndiyo ndizi, na nitavizungumzia vyote viwili kwa sababu kimoja kinaeleza kingine.

Picha kwanza. Jamani ni nzuri. Iliyonikamata zaidi ni ya siki ya Datu Puti, miaka ya 80, mwigizaji Conrad Poe amekunja uso kwa ule uchachu mpaka ukimtazama tu mate yanakujaa mdomoni. Basi, kazi imeisha! Hakuna maneno mengi, hakuna daktari wala orodha ya vitamini, uso tu, na mtu asiyejua lugha yao hata neno moja anajua hii kitu ni kali na anaitaka kwa samaki wake. Natamani wanaotutengenezea mabango hapa Kampala waitazame hiyo picha wiki nzima. Kuna pia majarini ya Star, yale matangazo ya watoto kuwa warefu, na hapo mtu yeyote aliyekulia mkate wa Blue Band asubuhi kabla ya shule ataelewa mara moja, mama ni yule yule, ahadi ni ile ile. Aiskrimu ya Magnolia ipo (hiyo ni ya tangu 1925), na soda ya Royal Tru-Orange ambayo kampuni ya San Miguel waliianza 1922, yaani Fanta ilikuwa bado haijazaliwa.

Sasa ukurasa wa Mafran, sosi ya ndizi, ndio umenifanya niandike. Chini ya picha wameweka jina la bidhaa peke yake. Hakuna mwaka, hakuna mtu. Hiyo imeniuma kwa sababu nyuma ya hiyo chupa kuna Maria Orosa, mama wa mkoa wa Batangas aliyesomea kemia Seattle, Marekani, akarudi kwao 1922 na kazi yake yote ikawa ni kuwaonyesha watu kwamba vinavyoota shambani kwao vinatosha, hakuna haja ya kungoja meli. Nyanya zilikuwa shida, ndizi zimejaa, akatengeneza kechapu ya ndizi. Aliuawa Februari 1945 kwenye mapigano ya Manila. Aliyeifanya biashara ni Magdalo Francisco, Mafran ni jina lake mwenyewe limekatwa, akaanza kuiuza 1942. Baadaye 1960 akaingia mkataba na kampuni, yeye awe mkemia mkuu na siri ya fomula abaki nayo, wakamsimamisha kazi mwaka huo huo, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu na 1970 ikaamuliwa arudishiwe fomula na jina lake. Hadithi kama hiyo unaiachaje nje ya kalenda ya 40,000? Mistari miwili tu ingetosha.

Kechapu yenyewe basi. Wanatumia ndizi ya kupika inayoitwa saba, wanaweka siki, sukari, viungo, halafu rangi nyekundu, maana bila rangi inabaki kahawia. Ukiionja ni tamu kuliko ya nyanya, nzito kidogo, na ule ukali wa siki unakuja nyuma. Kwa chipsi na kuku ni moto, kwa muchomo wa mbuzi pia nimeipenda sana, ila kwa rolex (chapati iliyoviringishwa na yai) hapana, utamu unameza yai lote. Wafilipino wenyewe wanaimwaga mpaka kwenye spageti na soseji, hiyo watoto wangu wameidaka haraka. Na kila nikiifungua najiuliza, sisi tuliozungukwa na matoke, gonja na bogoya, ndizi zinaozea barabarani Masaka na Mbarara msimu ukijaa, chupa yetu iko wapi?

Turudi kwa kalenda. Karatasi ni nzito, rangi zimetoka vizuri isipokuwa Magnolia imefifia, nadhani waliikuza kutoka picha ndogo. Ile waya ya juu ni dhaifu, yangu imeshaanza kuachia, na sikukuu zilizochapishwa ni za Ufilipino kwa hiyo tarehe 9 Oktoba, siku yetu ya uhuru, utaiandika mwenyewe kwa kalamu. Kwa picha naipa nne kwa tano, kwa maelezo moja. Kama unabebwa na boda mwambie muuzaji akuzungushie kwenye bomba la karatasi, yapo pale chini ya kaunta lakini hatoi mpaka uombe. Kechapu ni 14,000 chupa kubwa, chukua ile isiyo na pilipili kama kuna watoto.