Elfu kumi kwa mwalimu mstaafu wa Ngamiani: anapoweza na anapopwaya

Mwalimu huyu alifundisha Kemia sekondari miaka na miaka, akastaafu, na sasa anapokea wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita barazani kwake Ngamiani, Tanga, kuwashauri kuhusu masomo, kozi na vyuo. Hana ofisi wala bango, watu wanaelekezana. Kikao ni shilingi 10,000, mzazi na mtoto pamoja, kama saa moja na nusu. Ukitaka akufuatilie maombi ya chuo na ya mkopo mpaka mwisho, ni 30,000. Steshenari nyingi zitakujazia fomu kwa bei ya chini ya hapo, ila hakuna atakayekuuliza kwa nini umechagua ulichochagua.

Ubora wake ni kwamba anaanzia mwisho. Hamuulizi mtoto anataka kombi gani, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Anauliza kazi, anatafuta kozi mbili tatu zinazofikisha kwenye kazi hiyo, anafungua mwongozo wa udahili wa TCU (tume ya vyuo vikuu), au wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa stashahada, anasoma sifa kwa sauti, ndipo anashuka kwenye kombi na mwishowe kwenye karatasi ya matokeo. Kila kitu kinaingia kwenye kaunta buku kwa safu tatu: kozi, masomo inayoyadai, alama zilizopo. Alama isipotosha inazungushiwa wino mwekundu. Mtoto anaondoka na nakala yake.

Hapo ndipo makosa ya kawaida yanapoonekana mapema. Anayetaka udaktari wa binadamu akaenda CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) kwa kuikimbia Fizikia, safari yake kwa njia ya kidato cha sita imeishia hapo, kwa sababu shahada hiyo inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) haimpeleki mtu kwenye uhandisi hata akipata A ya Hisabati, maana Fizikia haimo. Na ile BAM, yaani Hisabati ya msingi, ambayo wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG huiita somo la kujazia, kozi kadhaa za biashara na takwimu huitazama, kwa hiyo anaidai S angalau, alama iliyo chini ya E.

Lakini kama ningechagua kipande kimoja cha kikao cha kulipia, kingekuwa cha hesabu ya pointi kwa kidato cha sita. Wazazi wengi huangalia divisheni tu. Yeye anaandika matokeo mawili sambamba: D, D, S na D, E, E. Kwa hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, ambako D ni 4, E ni 5 na S ni 6, yote mawili ni divisheni ya tatu ya pointi 14. TCU inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na masomo mawili ya msingi ya kozi lazima yafikishe 4. Wa kwanza ana 4, anaomba shahada iwapo hizo D ziko kwenye masomo yanayotakiwa. Wa pili ana 3, hapati, ingawa vyeti vyao vina divisheni na pointi zilezile. Huyo wa pili anaelekezwa stashahada, ambako akimaliza na wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada kwa njia hiyo, akiwa na namba ya uhakiki ya NACTVET. Mama mmoja akikaa pale akaelewa jambo hili, ada ya maombi ya vyuo vinne visivyowezekana inabaki mkobani.

Upande wa makaratasi ni mkali, na ana haki. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, kisha wengi wanaingia kambi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na dirisha la mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hufunguliwa wakati vijana bado wako huko. Kwa hiyo anataka vitu viwe tayari kabla ya mtihani: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo kilichohakikiwa pia kwa aliyefiwa na mzazi, picha, kitambulisho cha mdhamini, na mtu nyumbani anayejua kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili kupata saini na mihuri.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Cheti kinasema Mwanaidi, shule iliandikisha Mwanahidi, na mfumo haujui kwamba ni binti mmoja. Anashauri jina likaguliwe shuleni wakati wa usajili wa mtihani, ambapo kurekebisha ni rahisi, kuliko kuhangaika na hati za kiapo baadaye. Kosa la pili ni namba ya simu ya kijana wa steshenari kuwekwa kwenye akaunti ya mwombaji. Aliyechaguliwa vyuo viwili lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukienda kwa mtu aliyekwishabadilisha laini, nafasi inaning'inia mpaka muda uishe.

Kwa waliomaliza kidato cha nne ni mzuri vilevile. Anawakumbusha kwamba divisheni ya pili peke yake haifungui PCM, alama za Fizikia, Kemia na Hisabati zenyewe nazo hutazamwa, na kwamba matokeo yakitoka Januari wasikae tu kusubiri uchaguzi, waingie kwenye mfumo wa TAMISEMI, wizara inayowapanga kidato cha tano, wabadili tahasusi (kombi) wakati umefunguliwa. Kwa stashahada ya utabibu anataka kuona D nne, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia, na somo la dini halihesabiwi.

Sasa hivi kila kijana Tanga anataka "mafuta na gesi" kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga. Mwalimu hakatai, ila anauliza: uhandisi, au uchomeleaji, umeme na ufundi wa mitambo? Kwa wengi jibu ni VETA, vyuo vya ufundi stadi, na anaeleza bila kuwafanya wajione wameshindwa. Wazazi ndio huwa wanakunja uso.

Nyota moja nimeinyima. Sayansi anaijua mpaka mwisho, lakini mtoto wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) atapewa ualimu, sheria, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, basi. Habari, lugha, utalii, ubunifu, anavigusa juu juu. Ufadhili wa nje ya nchi hana habari nao. Pia hana kompyuta: kuskani na kupakia nyaraka utafanya nje kwa gharama yako, na usiache nywila yako huko.

Julai na Agosti foleni inafika barabarani. Nenda Machi au Aprili, jioni baada ya alasiri, si Ijumaa. Beba matokeo ya mihula miwili iliyopita, cheti cha kuzaliwa halisi pamoja na nakala, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.